Wati 5,000 zilivyotaka kunivunjia nyumba

MWENZENU mimi ni mtu wa muziki. Sinywi, sivuti, mpira naangalia wa kudandia tu, lakini gitaa likinikaa vizuri masikioni, hata kama nadaiwa kodi nasahau. Na naishi Sinza, jirani na kile kituo kinachoitwa Kwa Remmy, pale alipokuwa akikaa marehemu Remmy Ongala aliyefariki Desemba 2010. Sasa mtu unakaa mtaa wenye jina la mwanamuziki, halafu nyimbo zake unazisikilizia kwenye simu, spika yenyewe sawa na kifungo cha shati! Ilikuwa inanikera. Kiu ya redio ya maana nyumbani nilikuwa nayo siku nyingi.

Kiu hiyo ndiyo iliyonitia matatani Oktoba 2023.

Mwezi huo mama Salma alipokea mchezo. Wako kumi, kila mwezi kila mmoja anatoa elfu 35, na zamu ikamfikia. Laki tatu na nusu taslimu, zimefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kimo ndani ya kopo la maziwa ya mtoto. Mama Salma ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo barazani kwetu, na zile hela zilishakuwa na kazi yake. Alikuwa ametanguliza malipo ya cherehani ya ova-loki, ya mtumba, kwa mama mmoja wa Manzese, na kaambiwa asipomalizia kabla ya Novemba kuisha, mashine inapewa mteja mwingine.

Mimi ni karani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Nikamwendea na maneno matamu. "Mama Salma, kuna kamzigo kadogo kana faida. Niazime hizo hela siku kumi tu."

Akanitazama. Akanitazama tena. Akanipa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinipa bila swali hata moja.

Sitaficha, hapakuwa na mzigo wowote. Kesho yake jioni, moja kwa moja Kariakoo.

Duka lenyewe silitaji. Muziki wake unausikia ukiwa bado mbali, besi inakugonga kifuani kabla hujaona mlango. Ndani, kasha kubwa jeusi katikati, vispika viwili vyembamba pembeni, taa za bluu zinazunguka kama sherehe ya harusi. Na kwenye boksi, kwa maandishi makubwa kama ya kampeni: 5,000W PMPO. Wati elfu tano! Jirani yangu ana ya elfu mbili na mtaa mzima unamjua. Nikalipa laki tatu na ishirini, nikachukua bajaji, nikalikumbatia boksi njia nzima.

Mama Salma alikuwa barazani. Akaacha cherehani.

"Ndiyo mzigo wenye faida huu?"

"Mama Salma, hii ni Hi-Fi!"

"Hiyo haifai," akasema, akaendelea kushona.

Basi bwana, siku za kwanza nilijiona mfalme. Vikombe vinacheza kabatini, dirisha linaitikia. Lakini nilipoweka nyimbo nilizokuwa nazitamani, kuna kitu hakikukaa sawa. Ngoma naisikia mpaka tumboni, ila mwimbaji yuko mbali, maneno yanamezwa, na yale magitaa matatu yanayojibizana yamekuwa uji mmoja. Nikajifariji kwamba labda masikio yangu hayajazoea vitu vikubwa.

Siku ya kumi na moja Salma alitimiza miaka minne. Majirani wamejaa, watoto wanaruka, nami nikazungusha kitufe mpaka mwisho wake. Ikaanza kukwaruza. Nikaona ndio mzuka wenyewe huo. Baada ya nusu saa hivi ikanuka, harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni, moshi mwembamba ukatoka kwenye kispika cha kushoto, halafu kimya. Taa za bluu peke yake zikaendelea kuzunguka.

Dukani nilipoirudisha, kijana wa kaunta hakuinuka hata kwenye stuli. "Garantii yetu ni ya kuwaka, kaka. Si iliwaka?"

Nyumbani sikugombezwa. Ningegombezwa ningepona. Mama Salma alinyamaza siku nne. Chakula anaweka mezani, maji ya kuoga anaweka, neno hakuna. Siku ya tano akasema kitu kimoja: "Ungeniambia unataka redio, baba Salma, tungepanga. Sasa mimi nitajuaje siku nyingine ukisema kuna mzigo?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikauza simu yangu kubwa kwa laki mbili, nikamkabidhi. Mshahara ulipotoka nikaongeza elfu 70. Zilizopungua akajazia mwenyewe, elfu 80 alizopata kwa kukesha akishona nguo za harusi ya watu. Ova-loki ikapatikana siku mbili kabla ya muda kwisha. Nami nikabaki na simu ya tochi na deni la elfu 80.

Ile maiti nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Magomeni, fundi wa redio tangu enzi za kaseti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa au marehemu?"

Hakuifungua hata. Aliigeuza tu, akafuta vumbi nyuma kwa kidole gumba. "Soma hapo." Nikasoma. Karibu na waya wa umeme palikuwa na kibandiko kidogo kinachosema mashine inatumia wati 60.

"Hizo ndizo inazokula kutoka ukutani," akasema mzee. "Sasa ng'ombe ale debe moja la pumba, atoe maziwa madebe themanini? Umeona wapi?"

Msomaji, pale nilitamani ardhi ipasuke. Namba niliyoipigia magoti ilikuwa mbele ya boksi, na ukweli ulikuwa nyuma, bure, unasomeka na mtoto wa darasa la tatu. Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinajiandikia kinavyopenda. Huko Marekani mchezo huu wa kutunisha wati ulizidi mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara ikaweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Kwetu sisi tunategemea macho yetu.

Mzee akanitengea kigoda. Akaniambia nimekuwa nikiuliza swali la kijinga, na watu wengi tu wanauliza hilo hilo: spika hii ina wati ngapi? Spika haina wati, spika inapewa wati. Namba iliyoandikwa kwenye spika ni kiasi inachoweza kuvumilia kabla ya kuungua. Sauti itakuwa kubwa kiasi gani ni habari nyingine kabisa, na habari hiyo imo kwenye namba ambayo vijana hawaiangalii, yaani desibeli. Inaandikwa dB.

Iko hivi. Spika inapewa wati moja tu, kipimo kinawekwa mita moja mbele yake, wanasoma sauti imefika desibeli ngapi. Spika ndogo za rafuni, zile za kuweka juu ya shelfu au meza, nyingi ziko kati ya 84 na 90. Kwa macho unaona 84 na 90 si wanapishana kidogo tu? Thubutu! Kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili. Kwa hiyo spika ya 84 ikitaka kuimba sawasawa na ya 90, inataka wati mara nne. Ya 90 ikiridhika na wati 10, mwenzake anadai 40. Na amplifaya ya wati 40 za kweli, si za boksi, ina bei yake. Mzee anaziita spika nyepesi na spika nzito. Mwenye hela ndogo, akasema, anunue spika nyepesi kwanza, amplifaya itapatikana tu.

Halafu akanipa jambo ambalo mpaka leo nawasimulia watu. Hata spika nyepesi ni mharibifu mkubwa wa umeme. Spika ya desibeli 92 inageuza kama asilimia 1 tu ya umeme inaopewa kuwa sauti. Hizo 99 zote zinakuwa joto kwenye koili, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni, ndani ya sumaku. Ndiyo maana nilinusa pasi. Amplifaya ikilazimishwa kutoa isichokuwa nacho, mawimbi yake yanakatwa vichwa, hapo ndipo inapokwaruza, na mawimbi yaliyokatwa yanamimina nguvu nyingi kwenye koili ndogo za sauti nyembamba. Wengi wanadhani spika inauawa na amplifaya kubwa. Zilizouawa na amplifaya ndogo iliyonyongwa kitufe mpaka mwisho, mzee anazo kapu zima.

"Basi kwa nini wasitengeneze zote nyepesi?" nikauliza.

Akacheka. Kuna kanuni, akasema, watu wa spika wanaiita ya chuma kwa sababu haipindiki. Ni ya Mmarekani Hofmann, yule ambaye jina lake ndilo herufi ya mwisho katika kampuni ya KLH. Vitu vitatu kila mtu anavitaka: kasha dogo, besi ya chini, na wepesi. Chagua viwili. Mwaka 1954 Wamarekani walitoa spika iliyoitwa AR-1, kazi ya Edgar Villchur, kasha limefungwa kabisa, hewa ya ndani ndiyo inakuwa springi ya koni. Besi nzito kutoka kasha la kubeba mkononi, dunia ikashangaa. Lakini walilipia kwa wepesi, spika ikawa inataka amplifaya yenye misuli kuliko zile za zamani. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kikasha kama tofali, akakuapia kinatoa besi ya disko na kinatosheka na amplifaya yoyote, muage kwa heshima uondoke.

Na mimi chumba changu ni cha hatua nne kwa tano. Besi ya disko ya nini? Nikachagua wepesi na udogo, besi ya tumboni nikaisamehe.

Hapo niwakumbuke wenzetu wenye mshiko wanaoagiza vipya kutoka nje. Namba ziko wazi kwenye karatasi za viwanda. Wharfedale Diamond 220 imeandikwa 86, ELAC Debut B6.2 ni 87, Q Acoustics 3020i ni 88, zote nzuri na zinasifiwa. Klipsch, ile kampuni iliyoanzishwa na Paul Klipsch kule Hope, Arkansas, mwaka 1946, wao wanatumia mdomo wa tarumbeta kwenye sauti nyembamba, ndiyo maana R-51M wameiandikia 93 na RP-600M 96. Ila hizo za Klipsch zipokee na chumvi kidogo. Wanahesabu na msaada wa kuta za chumba, na wapimaji wa nje hukuta pungufu ya hapo. Bado ni nyepesi, lakini si kwa kiasi kile.

Turudi kwetu. Januari 2024 ilifika nikiwa na elfu 60 alizonipa mzee kwa vipuri vya yule marehemu, na elfu 90 za ovataimu ya Desemba. Nikaziweka zote mezani mbele ya mama Salma, nikasema, amua wewe.

Akazihesabu. "Deni langu liko pale pale," akasema. "Lakini miezi hii yote nashona kimya kimya, nimechoka. Twende. Ila hela nabeba mimi."

Tukaenda wawili kwenye maduka ya mtumba wa vyombo vya umeme, yale yanayofungua makontena ya kutoka Ulaya. Kama hujawahi kufika, vumbi tu, ila ndani ya vumbi mna mali. Muuzaji alitupangia jozi mbili juu ya pipa.

Jozi ya kwanza, bwana we! Rangi ya mti wa mninga, inang'aa, koni ya njano, sura ya picha. Mia na arobaini. Ya pili nyeusi, pembe moja imeliwa, kitambaa cha mbele hakipo, kibandiko cha jina kimeng'olewa likabaki tundu la gundi. Elfu 95. Moyo wangu ukaenda kwa ile ya njano, ukakaa huko.

Lakini nilikuwa na darasa la Magomeni kichwani. Nikageuza. Ile nzuri imeandikwa 4, na alama ya omu pembeni yake, ile inayofanana na kiatu cha farasi, halafu 87 dB kwa volti 2.83. Ile mbaya: 8, na 90 dB. Hapa pana mtego, msomaji, uutazame vizuri. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati moja kamili. Kwenye spika ya omu 4, volti hizo hizo ni wati mbili. Yaani ile nzuri imepimwa ikiwa imekula sahani mbili. Ukiipa sahani moja kama wenzake, ni 84. Mrembo mzito huyo.

Nikaendelea na ukaguzi kama nilivyofundishwa. Vidole vinne vimepangwa kuzunguka katikati ya koni, unaisukuma taratibu, sawasawa, unasikiliza. Ikikwaruza, koili imepinda, achana nayo. Kisha ule mkanda unaoshika koni pembeni. Ukiwa wa mpira, salama. Ukiwa wa sponji, bonyeza kidogo kwa kucha, maana sponji baada ya miaka kama kumi na tano au ishirini huoza, na kwa joto na unyevu wa Pwani yetu haikawii. Ile ya njano ilibaki na ukungu wa sponji kwenye ukucha wangu. Muuzaji akatazama pembeni. Ile nyeusi ilikuwa ya mpira. Testa ya fundi nayo nilikuwa nimeazima: spika ya omu 8 ikiwa nzima inasoma kama 6 hivi, usishtuke, ndivyo inavyokuwa. Zote mbili zikasoma 5.8. Na betri ndogo ya redio, volti 1.5, ukigusisha chanya kwenye nyekundu, koni inaruka mbele. Ikirudi nyuma, kuna mtu alishaifungua akaunganisha kinyume.

Muuzaji akawasha. Akaweka ngoma yake ile ya kuuzia, zote mbili zikaonekana nzuri. Ngoma ya dukani imechaguliwa kwa kazi hiyo.

Mama Salma alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani muda wote. "Mimi sijui hizo namba zenu," akasema. "Niwekeeni sauti ya mtu ninayemjua."

Akatoa simu yake. Alikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake, Tanga, ule wa dakika mbili wa kuuliza hali na kulalamikia bei ya nazi. Muuzaji akaona tunamchezea, lakini akaunganisha. Kwenye ile ya njano mama mkwe akatoka mnene, kama anasemea ndani ya ndoo. Kwenye ile nyeusi… jamani. Mama akashusha pumzi kabla ya kusema "mwanangu", na ile pumzi tuliisikia. Yuko pale, juu ya pipa, kati ya spika mbili, analalamikia nazi.

Mama Salma hakusema kitu. Akafungua mkoba.

Akatoa elfu 95 kamili, muuzaji alipotaka kuongeza ya mfuko akamtazama, ikaisha. Amplifaya tukachukua kidogo cha Kichina, ukubwa wa kiganja, elfu 45. Boksi lake limeandikwa wati 100, safari hii nikacheka. Hizi ndogo ukizilisha volti 12, kwa spika ya omu 8 zinatoa kama wati 9 safi, basi. Lakini piga hesabu na mimi: wati 9 kwenye spika ya 90 zinakufikisha karibu 99 ukiwa mita moja. Ile nzuri ya omu 4 ingenyonya wati 18 kwenye amplifaya hiyo hiyo, mara mbili, na bado ingeishia 96 na ushee. Na kwa kusikiliza kwa kawaida, ukiwa umekaa kwenye kochi mtu akizungumza unamsikia, hutumii hata wati moja. Tisa ni za pale muziki unaporuka ghafla.

Waya mita kumi, elfu 5. Chenji iliyobaki elfu 5 mama Salma akaitia kwenye mkoba, akasema, "Unadaiwa sabini na tano."

Kuzipanga nako nilikosea. Nilizibana juu ya kabati, moja kila kona, ukutani kabisa, zikaanza kunguruma kama mtu mwenye mafua. Kona za chumba zinavimbisha besi. Tena usiku ule wa kwanza besi ikawa haieleweki, mara ipo mara hakuna, na mama Salma akasema sauti haina mahali inapotoka. Nikakagua, kumbe spika moja nimeunganisha nyekundu kwa nyeusi, moja inasukuma wakati mwenzake inavuta. Nikageuza waya, mwimbaji akaja katikati ya chumba akasimama. Siku hizi ziko juu ya vigoda viwili alivyonichongea fundi seremala jirani, urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, mita moja na nusu baina yao, shibiri mbili kutoka ukutani. Pazia zito na mafurushi ya vitambaa vya wateja vimemaliza mwangwi. Hilo la vitambaa sikulipanga.

Na Remmy? Nilimsubiri mpaka wote wamelala. Gitaa moja kushoto, jingine kulia, la tatu linapenya katikati, na yule bwana mwenye sauti ya mikwaruzo anaongea na mimi, si na mtaa. Maneno ambayo nimeyaimba vibaya tangu utotoni, usiku ule nikayasikia yalivyo. Baba mwenye nyumba, anayelala ukuta wa pili, asubuhi akaniuliza kama ile redio nimeiuza.

Wiki iliyofuata zamu yetu ya mgawo ikaangukia jioni. Mtakumbuka, miezi ile kabla bwawa la Nyerere halijaanza kuingiza umeme, Februari 2024, giza lilikuwa na ratiba yake. Mtaa ukazimika, yale masabwufa yote ya wati elfu ngapi sijui yakafa kwa pamoja. Nami nilikuwa na betri ya volti 12 niliyopewa ofisini, ndogo, ya kile chombo cha kuokolea kompyuta umeme ukikatika. Nikachomeka. Amplifaya ikawaka. Spika nyepesi haina makuu: tulianza saa moja jioni, saa tano usiku betri bado ina pumzi.

Mama Salma alikuwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, taa ya kuchaji imening'inizwa dirishani, ova-loki ikisubiri umeme urudi. Kachagua taarab yake ya zamani kwenye simu. Majirani wawili walikuja na viti vyao wakakaa barazani bila kualikwa. Mguu wake ulikuwa unakanyaga sambamba na ngoma, sidhani kama alijua.

"Baba Salma."

"Naam."

"Ongeza kidogo." Halafu, bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Na ile sabini na tano usidhani nimesahau."